Mguu wa mama

Kisumu

Akinyi mpendwa,

Salamu. Umeuliza kama mama anunuliwe tena dawa ya minyoo. Matende yale aliyapata Pwani alikokaa miaka mingi. Minyoo yenyewe huishi miaka 6 hadi 8 hivi, kwa hiyo huenda ilikwisha kufa zamani. Iliyobaki ni mishipa ya limfu, ile inayoondoa majimaji mguuni, iliyoharibika, na dawa haiirudishi. Hizo homa zinazomlaza, mguu ukiwa mwekundu na wa moto, huletwa na bakteria, nao hupenyea kati ya vidole.

Kazi basi iko kwenye beseni. Kila jioni tumia maji safi yasiyo ya moto na sabuni ya mche. Tengeneza povu mkononi, anza gotini ukishuka, uingie kila mkunjo kwa kitambaa laini. Brashi hapana, inachubua. Suuza mpaka maji yasiwe na povu. Kisha ukaushe, na hapa ndipo wengi huzembea: pindisha ncha ya kitambaa cha pamba, ukipenyeze kila pengo la vidole, ukigandamiza bila kusugua. Ukikuta ngozi nyeupe iliyolowana au kupasuka, hiyo kwa kawaida ni fangasi. Paka klotrimazoli mara 2 kwa siku, uendelee wiki 2 zaidi baada ya ngozi kupona. Mafuta ya kujipaka yaishie mguuni, yasiingie kati ya vidole.

Akikaa, mguu uwe juu ya stuli. Usiku kunja blanketi uliweke chini ya godoro upande wa miguuni, ila kama ana shida ya moyo uliza daktari kwanza. Viatu viwe vipana vya kupitisha hewa. Fundi wa akala pale Kibuye atampimia mguu wenyewe, na kamba asizikaze.

Homa ikija, kama huwa anafanya mazoezi ya mguu au anafungwa bandeji, vikome. Alale, mguu ukandwe kwa kitambaa cha maji baridi, anywe maji mengi na paracetamol, kisha mpeleke kituoni apewe antibayotiki. Amoksilini hupewa siku zisizopungua 8, naye azimalize hata akipata nafuu siku ya 3. Akichanganyikiwa au kutapika, ni hospitali siku hiyo hiyo. Na huyo jirani wa wembe anayetaka kumchanja "atoe maji" mkataze kabisa, hata akinuna! Anafungulia bakteria mlango mwingine.

Leo usiku chukua tochi umulike pengo la kidole cha mwisho na kinachokifuata, kisha uniandikie ulichoona.

Wako,
Nekesa