Mjomba, sukari haikuondoka na mguu

Shikamoo Mjomba,

Simu yako ya tochi haifungui mambo haya, najua. Binti yako atakusomea. Naandika hadharani kwa sababu hapo Kirumba na huku kwetu Sengerema nimewasikia wazee wengine wakisema maneno yaleyale uliyoniambia mwezi uliopita: "Mguu umekwenda na sukari yake." Maana kisukari kilipokukatisha mguu wa kushoto, ukaacha na dawa.

Haikwenda, Mjomba. Sukari imo kwenye damu, na damu hiyohiyo ndiyo inayopita kwenye figo, machoni, moyoni na kwenye huo mguu wa kulia uliobaki.

Unajilinganisha na kijana wa bodaboda, yule anayepanda mawe ya Mabatini kama mbuzi na mguu wake wa bandia. Yeye alikatwa kwa ajali, mishipa yake mizima. Kutembea na mguu wa bandia kunakula nguvu kuliko kutembea na miguu miwili, na nguvu hiyo inasukumwa na moyo. Wako umebeba presha miaka kumi na tano. Ukihema baada ya ngazi nane si uvivu, wala si uzee peke yake. Halafu goti lako limebaki, hiyo ni mali! Waliokatwa juu ya goti wana kazi kubwa zaidi. Basi usiliwekee mto chini usiku. Linapata raha, sikatai, ila likizoea kujikunja litagoma kunyooka, na mguu wa bandia unataka goti linalonyooka.

Sasa fundi wa miguu. Umemsema vibaya kila kona kwamba amekosea kipimo: leo mguu hauingii, kesho unapwaya kama gumbuti la kuazima. Nilikaa kwako siku mbili nikiangalia. Jumanne asubuhi kigutu kilikuwa kimevimba. Nilipobonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Hayo ni maji, Mjomba. Figo zikichoka, au moyo, maji hayatoki mwilini inavyotakiwa. Kigutu kinavimba, kinanywea, na soketi, kile kikombe cha mguu wa bandia kigutu kinapoingia, ni ileile. Hata wanaosafishwa damu, mguu unaweza kuwabana wakienda na kuwapwaya wakirudi. Ndiyo maana ulipewa zile soksi za kigutu za kuvaa moja, mbili au tatu kufuatana na siku. Nimezikuta. Wajukuu wamezifunga kamba, wanachezea chandimu.

Macho nayo. Wewe, mvuvi wa miaka yote hiyo, ulichanganya sato na sangara mdogo kwenye beseni ukasingizia giza, saa tano asubuhi. Na kiatu chako nilipokikung'uta kilitoa kokoto ulilotembea nalo kutwa bila kuhisi. Mguu usiohisi, na macho yasiyouona! Kidonda kikianza unyayoni utakijua kwa harufu, na huo mguu hauna wa akiba. Nimemwachia binti yako kioo. Kila jioni akague unyayo na katikati ya vidole, kisha akague kigutu.

Ukirudi kwenye dawa, pima sukari kabla ya mazoezi. Ikiwa chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L) usianze. Kunywa kwanza chai yenye sukari (ndiyo, hapo inaruhusiwa), kaa, upime tena.

Na huko kushinda umegeukia ziwa bila kusema na mtu, mwambie na daktari. Sonona, huzuni nzito isiyoisha, inazuia mtu kutembea kama kidonda kinavyomzuia.

Alhamisi nitavuka daraja la Kigongo–Busisi alfajiri, siku hizi hakuna kusubiri pantoni. Tutaanza kliniki ya sukari, wapime na figo, ndipo twende kwa fundi, na utamwomba radhi mwenyewe. Kile kiatu cha kushoto ulichosema hutaki kukiona tena sikukitupa, kiko chini ya kitanda changu. Nakuja nacho. Wewe vaa cha kulia, maana fundi anavitaka vyote viwili: urefu wa kisigino ukibadilika, mguu mzima unaegama.