Mwanangu, hilo shuka dirishani litoe

Mwanangu baba,

Juzi ulivyonipigia video niliona dirisha lako, shuka limeshikwa na misumari miwili, kona moja imeshalegea na mwanga unaingia mpaka kwenye mto. Ukaniambia unasubiri upate cherehani. Baba, cherehani ya nini? Pazia ni mistari iliyonyooka tu, halina mkono wala kola wala zipu, hicho ndo kitu cha kwanza mtu anaweza kushona kwa sindano na kikakaa miaka. Mapazia ya chumba ulichokulia nilishona kwa mkono yote, ulikuwa na miezi mitatu, jua la asubuhi linakupiga usoni unaamka hujashiba usingizi, basi nikawa nashona usiku ukishalala, leo mstari huu kesho ule.

Sasa nisikilize kwanza kwenye kupima maana hapo ndo watu wengi wanaharibu. Usipime dirisha, pima bomba la pazia, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, alafu zidisha mara mbili, kwa sababu pazia lazima liwe na mikunjo hata likifungwa, ukikata upana sawasawa na dirisha linakaa limetanda kama shuka hilo hilo ulilonalo. Tuseme bomba lako ni sentimita 150, unahitaji kama 300. Vitambaa vingi vya pazia vina upana wa karibu 150, kwa iyo vipande viwili, kimoja kila upande, ukitoa pindo za pembeni sentimita 4 kila ukingo unabaki na 142 mara mbili, yani 284. Haifiki 300 lakini inatosha kabisa, usianze kuunganisha vipande kwa ajili ya sentimita 16.

Urefu pima kuanzia sentimita 2 juu ya bomba mpaka chini unapotaka lifike, kama ni sakafuni toa sentimita 1 lisiburute vumbi. Ongeza 10 za juu na 16 za chini. Ukipata 210 basi kila kipande ni 236, viwili ni 472, nunua mita 5 kamili. Hizo zilizozidi sio za kupoteza, ni za maji. Kitambaa cha pamba kinarudi kikifuliwa, kwa iyo kabla hujagusa mkasi kifue, kianike, kipige pasi. Mimi pazia langu la kwanza kabisa sikufua, nikakata nikashona nikatundika, likapendeza kweli, siku nimelifua mara ya kwanza likapanda vidole vinne, mwanga ukawa unapita chini na hakukuwa na pindo la kufumua. Iliniuma sana, kazi ya wiki mbili.

Kukata usiamini macho yako wala ukingo alioukata muuzaji. Chana kidogo pembeni, tafuta uzi mmoja unaokatisha upana wa kitambaa, uvute polepole mpaka uchomoke, utaona umeacha kamstari kembamba kama kanjia, kata hapo hapo juu ya kamstari. Kwa kitambaa cha pamba au kitani ndo njia ninayoiamini kuliko rula, maana ukikata kimekwenda upande hata milimita chache chache, pazia likining'inia linajisokota kona moja inakwenda mbele.

Mapindo unakunja mara mbili ili ukingo unaofumuka ufichwe ndani. Kunja, piga pasi, weka pini, alafu piga bandi, zile hatua ndefu ndefu za uzi wa rangi nyingine ambazo utazifumua baadae. Najua utataka kuruka bandi, usiruke, pini zinakuchoma na kitambaa kinateleza.

Uzi wa sindano usizidi dhiraa moja, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mrefu zaidi ya hapo unajifunga mafundo kila saa na unachakaa kwa kupita pita kwenye kitambaa kabla hujafika mwisho. Upitishe kwenye mshumaa mara moja mbili, nta inausaidia usijisokote. Huko juu kunja sentimita 2 kwanza, kisha 8, shona mstari mmoja pale chini ya mkunjo na mwingine sentimita 2 kutoka juu, hapo katikati panabaki 6 ndo bomba linapita. Mistari hii miwili ndo inabeba uzito wote, kwa iyo shona kwa kurudi nyuma: toa sindano mbele, irudishe pale mshono uliopita ulipoishia, itoe tena mbele, hatua fupi fupi za milimita 3 hivi. Inachosha mkono lakini ndo hautafumuka hata mtu akilivuta pazia kwa hasira. Pembeni na chini ni tofauti, huko sindano inagusa nyuzi moja au mbili tu za upande wa mbele, alafu unaingia ndani ya mkunjo unatembea kama sentimita moja ndo unatoka tena, ukigeuza mbele huoni mshono.

Ila pindo la chini usilishone bado! Lishikize kwa bandi tu, tundika pazia, liache siku tatu nne au hata wiki. Kitambaa kikining'inia kinashuka kwa uzito wake, na mara nyingi hakishuki sawa pande zote. Baada ya hapo pima tena kutoka sakafuni ukiwa umepiga magoti, weka chaki, ndo ulimalizie. Na zile 16 zikunje 8 mara mbili, usipunguze hata kama unaona pindo nene, siku ukihamia chumba chenye dirisha refu unafumua unashusha. Yale mapazia yako ya utotoni nimeyashusha mara mbili.

Nimekuwekea humu ndani ya bahasha subana yangu, ile ya chuma yenye vishimo, vingine vimeshalika. Ivae kidole cha kati cha mkono unaoshonea, usukumie sindano, siku ya kwanza utaiona inakusumbua, ukiivua kidole kitakukumbusha.

Leo jioni pima bomba unitumie namba mbili, upana na urefu. Kitambaa usinunue kabla sijaziona.

Mama yako