Sipiyu yake iko wapi?

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia dukani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, akanyoosha kidole kwenye rafu, akauliza, "Mwanangu, hiki king'amuzi mnauzaje?" Nikamwambia, "Mama, hiyo ni kompyuta." Akaishika, akaigeuza juu chini, akanitazama kama mtu anayetaniwa. "Sipiyu yake iko wapi?" "Ndiyo hiyo hiyo uliyoishika, mama."

Simlaumu. Kompyuta ya mezani tuliyoizoea ni lile boksi kubwa, tunaloliita sipiyu, linalokaa uvunguni mwa meza, watu wakiliegeshea miguu. Hizi ndogo, kama ThinkCentre Tiny za Lenovo, EliteDesk Mini za HP na OptiPlex Micro za Dell, zina sentimita 18 hivi kila upande, na unene wa sentimita tatu na nusu. Tunazouza sisi nyingi ni mtumba wa maofisini. Bei yake inavutia, umbo lake linapendeza, na hapo ndipo watu wanapoteleza: mtu anaipenda kwa macho kabla hajajiuliza ataifanyia kazi gani.

Nianze na umeme, maana ndiyo sifa ambayo kila mtu ameshaisikia. Sipiyu kubwa ya zamani, ikiwa imewaka bila kazi nzito, inaweza kula wati 50. Ndogo katika hali hiyo hiyo inacheza kwenye 10. Tofauti ya wati 40, kwa saa 10 kwa siku, siku 26 za kazi, ni uniti 10 na ushee kwa mwezi. Zidisha mwenyewe kwa bei ya uniti unayoiona kwenye risiti yako ya LUKU. Si utajiri. Mimi naipendea zaidi siku umeme unapokatika. Ile UPS ndogo ya 650VA, yaani boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, ambayo ukiipa sipiyu kubwa inalia na kuzima hujakaa sawa, ukiipa hii unapata nafasi ya kumaliza kuprinti barua ya mteja, kuhifadhi kazi na kuzima bila papara. Ila UPS ununue. Wapo wanaoona udogo wake wakadhani ina betri kama laptopu. Haina.

Sasa niseme udhaifu ambao muuzaji hakwambii haraka: pumzi.

Mteja wetu mmoja ana steshenari Chumbageni. Mashine yake aliifunga nyuma ya monita kwa bano lake, meza ikabaki nyeupe, akafurahi. Pembeni yake pana fotokopi inayofanya kazi kutwa. Baada ya miezi kadhaa akairudisha. "Kaka, imekuwa kobe. Halafu inavuma kama mashine ya kukoboa." Alikuwa na uhakika ni virusi.

Lenovo hizi zina skrubu moja tu nyuma. Ukiitoa, kifuniko kinateleza. Ndani, yale mapezi ya kupozea yaliyo mbele ya feni hayakuonekana kabisa. Yalifunikwa na utando wa kijivu mzito kama kipande cha blanketi, vumbi la karatasi limeshikana na unga mweusi wa tona. Niliuvuta kwa kibano, ukatoka mzima mzima. Ile dawa nyeupe ya kupitishia joto juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, ilikuwa imekauka kama chaki. Tukasafisha kwa brashi laini ya rangi, tukafuta, tukapaka dawa mpya, tukaiwasha mbele yake. Kimya. Akasogeza sikio akidhani haijawaka.

Hapakuwa na virusi. Prosesa ikizidiwa na joto hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Boksi kubwa lina uwazi ndani na feni pana, vumbi kama lile lingechukua muda mrefu kulishinda. Hii ndogo inapumulia kwenye tundu jembamba, kwa hiyo haina pa kujificha. Na sisi watu wa Tanga tuna la ziada, chumvi. Walio Raskazone na Sahare wanajua jinsi kitasa cha mlango kinavyoshika kutu. Matundu ya USB nayo ni chuma. Usiiweke dirishani upepo wa bahari unakopigia. Isafishe mara mbili kwa mwaka, na mara moja iwe kabla joto la kaskazi halijakolea. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji.

Adapta nayo iko nje, kama chaja ya laptopu. Ni jambo jema: ikiungua kwa umeme wa kupanda na kushuka, unabadilisha adapta tu bila kufungua mashine. Ubaya ni pale unapopewa isiyo yake. Tuliwahi kupokea mzigo kutoka kwa muuzaji mmoja wa jumla, mashine za kampuni moja, adapta za nyingine zilizokatwa ncha na kuungwa kwa gundi ya umeme. Dell nyingi zisipoitambua adapta hutoa onyo wakati wa kuwaka na kushusha kasi. Ukiona onyo hilo dukani, usikubali kuambiwa "bonyeza tu uendelee."

Kisha soma jina la prosesa. i5-6500T ni kizazi cha 6. I5-8500T ni cha 8. Windows 11 rasmi inataka kizazi cha 8 kwenda mbele, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Hiyo T ya mwisho maana yake ni prosesa ya wati 35, iliyopunguzwa ili isichemke ndani ya kiboksi hiki. Kwa Word, Excel, risiti na intaneti hutaona tofauti.

Anayehariri video za harusi ataiona siku ya kwanza. Hakuna nafasi ya kuchomeka kadi ya grafiki ya kawaida, na diski ni moja au mbili basi. Kijana mmoja wa video nilimwambia achukue boksi kubwa, akanuna, lakini akalichukua. Ramu za hizi ndogo ni zile za laptopu, hivyo ya laptopu iliyokufa inaweza kukufaa kama ni ya aina moja. Bodi ikifa, mara nyingi unatafuta mashine nyingine. Na iking'olewa mezani inaingia kwenye kikapu cha baiskeli bila mtu kugeuka, kwa hiyo weka kufuli lake.

Mama wa king'amuzi aliichukua, ya duka lake la dawa. Alirudi jioni ile ile: monita yake ina tundu la VGA peke yake, na mashine ilikuwa na la DisplayPort. Tukampa kigeuzi. Wewe usirudi mara mbili. Kabla hujaja, geuza monita yako, ipige picha mgongoni, utuonyeshe kwenye simu.