"Hii ugonjwa, Mungu aliiumba siku ya ngapi?"

Bwana Mhariri,

Wiki jana mlichapisha barua ya ndugu yetu wa Bagira. Kwa maneno yake, Mkristo anayekubali mageuko ya viumbe, yaani kwamba viumbe hubadilika kizazi hata kizazi, amekwisha kuikana Biblia hata kama bado anaibeba Jumapili, na wazazi wawatoe watoto darasani mwalimu wa biolojia akifika kwenye sura hiyo. Niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na hasira, kwa hiyo nimengoja siku nne kabla ya kuandika.

Mimi si mwalimu wala sikusoma teolojia. Ni laboranti. Mwaka wa 19 huu napima damu katika kituo kimoja cha afya hapa Ibanda, na Jumapili naimba alto katika kwaya ya kanisa letu la Kiprotestanti. Nitasema tu yale yanayopita mezani kwangu.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili walikuja wachumba wawili na barua ya mchungaji wao. Desturi mnaijua: siku hizi kuna makanisa hapa kwetu yasiyotangaza ndoa kabla wachumba hawajaleta majibu ya damu, na mojawapo ni lile la drepanositozi, ugonjwa wa damu wa kurithi, sisi tunasema tu "SS", na jirani zetu wa Tanzania wanasema selimundu. Mchungaji aliyeandika ile barua namheshimu sana kwa jambo hilo. Amewaepusha watu wengi na machozi.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Unachukua damu kidogo, unapasua chembe nyekundu ili himoglobini, ile inayobeba hewa ndani yake, itoke, unaweka tone kwenye utepe mweupe, unaulaza katika maji yake yenye chumvi, unapitisha umeme. Himoglobini ya kawaida, ile A, inakimbia mbele. S, ile iliyobadilika, inabaki nyuma kidogo. Kila mtu hurithi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Ukipaka rangi nyekundu mistari inajitokeza: mmoja wa mbele ni AA, mmoja wa nyuma ni SS, miwili ni AS. Siku hiyo umeme ulikatika katikati ya safari, tukawasha jenereta, nikaanza tena na utepe mpya. Mistari miwili kwa kijana. Mistari miwili kwa binti.

Niliwaeleza kama ninavyowaeleza wote: nyinyi wenyewe si wagonjwa, lakini kila mimba mtakayopata, nafasi moja kati ya nne ni mtoto wa SS. Binti aliangalia chini. Kijana alikuwa anazungusha kofia yake mikononi, anazungusha tu, halafu akaniuliza: "Mama, hii ugonjwa, Mungu aliiumba siku ya ngapi?"

Hakuwa anatania. Analelewa katika kanisa linalofundisha kama ndugu wa Bagira anavyofundisha, siku sita za saa 24, kila kitu kimekamilika kabla ya Sabato ya kwanza. Kijana alikuwa anapiga hesabu yake kwa uaminifu. Kama kila kitu kiliumbwa katika siku zile, na Mungu akakitazama kikawa "chema sana", basi S ilikuwa wapi? Ukisema Shetani ndiye aliyeitengeneza, umempa Shetani kazi ya kuumba, na hilo hakuna kanisa ninalolijua linalokubali. Ukisema ni adhabu ya dhambi ya Adamu, sawa, lakini angalia adhabu hiyo inavyogawanywa. Shirika la Afya Duniani linasema katika Afrika ya ikweta wanaobeba S ni kati ya 10 na 40 kwa kila watu 100. Kwenye pwani ya kaskazini ya Afrika ni mmoja au wawili. Afrika Kusini hata mmoja hafiki. Wote ni wana wa Adamu, na mimi sijawahi kusikia kwamba sisi wa Kongo tulimtenda dhambi Mungu mara 20 kuliko wengine. Hiyo ni adhabu ya namna gani inayofuata mbu?

Maana ndivyo ilivyo, inafuata mbu. Mwaka 1954 daktari mmoja aitwaye Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini akakulia Kenya, alionyesha kwamba S imejaa pale malaria ilipojaa. Mtoto wa AS akiumwa na mbu anapata malaria kama wengine, lakini si rahisi ifike ile kali ya kumwua, kwa sababu chembe zilizoingiliwa na mdudu zinajikunja na bandama inaziondoa mapema. Sasa fikiria kijiji cha bondeni, tuseme bonde la Ruzizi, miaka elfu kadhaa nyuma, hakuna chandarua, hakuna dawa. Watoto wengi wa AA wanachukuliwa na malaria. Wa SS wanachukuliwa na damu yao wenyewe. Kati ya wanaokua mpaka kuoa na kuolewa, sehemu ya AS inaongezeka. Rudia hivyo vizazi mia. Herufi moja iliyobadilika katika jeni, yale maandishi ya urithi, la mtu mmoja inakuwa ya watu wengi. Ndugu wa Bagira, hayo ndiyo mageuko ya viumbe. Ninayapaka rangi nyekundu kila Jumamosi, na wachungaji wanaoyakataa mimbarini ndio wanaonitumia wateja.

Hapa niruhusiwe kusema la nyumbani. Mdogo wangu alikuwa SS. Akiwa mdogo vidole vyake vilivimba kama ndizi za kisukari, baadaye ikawa mifupa, hasa usiku wa baridi, na macho yalikuwa ya njano karibu siku zote. Shangazi zangu walisema ni mama aliyeleta kitu kutoka kwao. Hakuna aliyemgusa baba, na kumbe S moja ilitoka kwa mama na nyingine kwa baba, nusu kwa nusu, bila upendeleo. Mwishoni walimpeleka katika chumba cha maombi. Sitakitaja, na waliokuwa pale walimpenda. Walimfungisha siku tatu, bila chakula na bila maji. Kwa mtu wa SS ukosefu wa maji ni moto, chembe zinakunjika kama mundu na kuziba mishipa. Alikufa mwaka 1994. Alikuwa na miaka tisa.

Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali lile lile la shangazi zangu: "Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake?" Jibu la Yesu, kwamba si huyu wala wazazi wake, liko katika Yohana 9, mkalisome. Mimi nililielewa vizuri siku niliyojifunza habari ya malaria, shuleni, mbele ya ubao, nikiwa na miaka 20 na kitu. Nilitoka nje nikalia. Hakuna aliyekuwa amelaaniwa nyumbani kwetu. Elimu ambayo ndugu wa Bagira anataka watoto watolewe darasani isiwafikie ndiyo iliyomwosha mama yangu.

Najua atakachojibu: hayo ni mabadiliko madogo, mtu bado ni mtu, lakini eti nyani akawa mtu, hapana. Kwanza, hakuna aliyesema babu yako ni gorila wa Kahuzi. Kinachosemwa ni kwamba sisi na yeye tuna babu wa mbali sana mmoja, kama binamu. Pili, nibaki kwenye himoglobini, ndiyo shamba langu. Mmoja wa minyororo inayoiunda, uitwao beta, una amino asidi 146 zilizopangwa kama shanga. Wa mtu na wa sokwe mtu ni sawa, shanga kwa shanga, zote 146. Wa gorila unatofautiana na wetu kwa shanga moja. Na S inatofautiana na A kwa shanga ngapi? Moja, ile ya sita. (Asije mpumbavu akasema kwamba mgonjwa wa SS ni nusu gorila. Utu haupimwi kwa shanga, na hilo nitarudi nalo.)

Watu husema fundi mmoja hujenga nyumba nyingi kwa matofali yale yale. Ni jibu zuri, nilikuwa nalitumia. Lakini kuna jeni la kutengeneza vitamini C. Mbuzi analo zima, ndiyo maana hahitaji chungwa. Sisi tunalo, ila limevunjika, na gorila na sokwe na nyani wengi wanalo pia limevunjika. Fundi anarudia tofali, naelewa. Lakini ufa?

Biblia je? Fungueni Mwanzo 1 polepole. Jua linaumbwa siku ya nne. Jioni na asubuhi tatu zimeshapita kabla yake. Aliyeandika hakuwa mjinga, alijua asubuhi inatoka wapi. Agostino, mwalimu wa Kanisa la kale na Mwafrika mwenzetu wa Thagaste, katika Algeria ya leo, aliliona hilo miaka 1,400 hivi kabla ya Darwin, yule aliyeandika juu ya mageuko, na akakataa kuzihesabu siku zile kama siku zetu. Tena aliwaonya Wakristo wasiseme upuuzi juu ya mbingu na nchi mbele ya watu wanaozijua, wasije wakawafanya waicheke Injili nzima. Mwenzangu wa maabara ni Mkatoliki, naye hunikumbusha kwa majivuno kidogo kwamba Papa Pius wa 12 aliruhusu jambo hili lichunguzwe mwaka 1950, kwa sharti kwamba roho ya mtu hutoka kwa Mungu mwenyewe, na Yohane Paulo wa 2 mwaka 1996 akasema mageuko ni zaidi ya dhana tu. Hapo ndipo ninaposimama na utu: mavumbi yanaweza kuwa na historia ndefu, pumzi ni ya Mungu. Zaburi ya 139 inasema "uliniunga tumboni mwa mama yangu", na mkunga anayejua miezi tisa yote haoni kwamba Zaburi imemdanganya.

Sitaki kujifanya kwamba yote yamenyooka. Warumi 5, mauti kuingia kwa mtu mmoja, hapo bado napigana na Biblia yangu. Na kuna daktari kijana pale kwetu anayesema utepe wangu unaonyesha Mungu hayupo. Huyo namwambia utepe unaonyesha A na S, basi.

Yule kijana nilimjibu kwa Yohana 5: "Baba yangu anatenda kazi hata sasa." Nikamwambia S haikuwa na siku, ilikuja kazini, na mama mmoja wa zamani sana katika ukoo wenu aliponyoka malaria kwa sababu yake, vinginevyo wewe usingekuwa umekaa kwenye benchi hili. Alitikisa kichwa. Binti ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo: "Kwa hiyo yeye alipona, na mtoto wangu ndiye atalipa?"

Nilisema ndiyo, mwanangu, inaweza kuwa hivyo. Sikuwa na la kuongeza. Tuliomba pamoja pale pale, jenereta ikinguruma nje, wakachukua karatasi zao wakaondoka. Sijui waliamua nini.

Ndugu wa Bagira namkaribisha Jumamosi yoyote kabla ya saa sita mchana, aje na mchungaji wake akipenda, tutaweka utepe pamoja. Na kama kuna mtoto wa SS katika chumba chochote cha maombi mjini humu wiki hii, endeleeni kumwombea, lakini mpeni maji.

Laboranti wa Muhungu,
Ibanda, Bukavu