Askari wa Pilato wavae chuma, si dhahabu

Mhariri,

Kila ikipita Ijumaa Kuu, simu zetu hujaa picha za maigizo ya Njia ya Msalaba kutoka parokia mbalimbali. Vijana wanajitahidi sana. Msalaba ni wa mbao nzito kweli, kina mama wa Yerusalemu wanalia kweli, na vumbi la barabarani nalo linasaidia. Kisha wanatokea askari wa Kirumi wamevaa maboksi yaliyopakwa rangi ya dhahabu, yanang'aa kama mapambo ya ukumbi wa harusi. Watoto wanaanza kucheka, na watu wazima waliokuwa wameshikwa na igizo wanaachiwa.

Mimi ni fundi rangi wa magari, gereji yetu ipo Tabata. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatengenezea vijana wa parokia yetu deraya, yaani vazi la vita la kifuani, na chapeo za kichwani, na jambo ninaloliomba kwa kamati za maigizo ni moja: deraya ikishapakwa rangi haijaisha. Iacheni mikononi mwa fundi aichakaze.

Pilato alikuwa liwali wa Uyahudi tangu mwaka 26 hadi 36 BK. Askari aliokuwa nao hawakuwa wa gwaride la Roma. Walikuwa vikosi vya msaada, wengi wao watu wa Kaisaria na Sebaste, wanaoshinda juani na kulala kambini. Vazi la vita la askari wa namna hiyo kwa kawaida lilikuwa fulana ya pete za chuma. Hata zile deraya za mabamba tunazozipenda kwenye maigizo zilikuwa chuma. Mwaka 1964 huko Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, lilifukuliwa sanduku la mbao lenye deraya za Kirumi ndani yake: mabamba ni ya chuma, na kilichokuwa cha njano ni bawaba, vifungo na vipande vidogo vya shaba. Kwa hiyo anayempaka askari dhahabu kuanzia shingoni hadi kiunoni anamvika vazi ambalo hakuwa nalo.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Mimi natumia mikeka ya sponji ya watoto, ile inayounganishwa vipande vipande. Ukiipasha moto inakubali kukunjwa ifuate kifua na mabega. Naipaka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, mara kadhaa, kila safu ikauke kwanza, ili vitundu vizibe na rangi isinywewe. Anayetumia lile povu jeupe linalokuja na boksi la televisheni asipulize rangi ya kopo juu yake bila kuliziba, maana litaliwa na kubaki mashimo.

Rangi ya kwanza iwe nyeusi, siyo silva. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu silva tupu juu ya boksi inatoa sufuria mpya ya alumini, haitoi chuma. Juu ya ule weusi ndipo unachovya ncha ya brashi kwenye silva, unaifuta kwenye kitambaa mpaka ibaki karibu kavu, halafu unaipitisha juujuu. Inashika kwenye kingo na sehemu zilizoinuka tu, mabondeni panabaki peusi. Ukisaga risasi ya penseli ukasugua ule unga kwa kidole juu ya rangi nyeusi isiyong'aa, unapata ule mng'ao wa kijivu uliopoa ambao silva ya kopo haiwezi kuutoa. Kwa mtu atakayesimama karibu na watazamaji, mimi napenda njia hii kuliko zote.

Baada ya hapo ni uchafu. Rangi nyeusi na ya kahawia, iliyozimuliwa sana, inapakwa deraya yote na kufutwa mara moja kwa kitambaa. Inakimbilia kwenye maungio na kuzunguka vichwa vya misumari, na hapo ndipo deraya inaanza kuonekana imevaliwa.

Anayetaka kujua chuma kinavyozeeka akautazame mlango wa daladala iliyokaa barabarani muda mrefu. Pale konda anaposhika kila siku rangi imekwisha na chuma kinang'aa kwa viganja. Kwenye ukingo wa chini, maji yanapotuama, pana kutu ya kahawia iliyoiva, na ile ya rangi ya chungwa iko pembeni, ndiyo changa. Kutoka kwenye kila boliti pana mchirizi unaoshuka, haupandi wala haukati upande. Deraya ifuate hayohayo. Mkanda unaposugua bega pang'ae. Chini ya bawaba pawe na giza. Kutu igongwe kwa kipande cha sponji, kahawia kwanza, chungwa kidogo mwishoni, na ishuke kufuata maji.

Lakini kutu isizidi. Askari wa Kirumi alisimamiwa na akida, na silaha yake ilibidi aitunze. Kutu ya kwake ni ile iliyojificha mahali kitambaa hakifiki. Kinachomzeesha zaidi ni mikwaruzo, mabonyeo na mafuta meusi kwenye maungio. Deraya iliyoliwa na kutu yote inafaa kwa maiti aliyefukuliwa.

Naliona jambo hili ni zito kwa sababu deraya iliyochakaa inamwambia mtazamaji habari ambayo hakuna mwigizaji anayeitamka: kwamba hawa wamekwisha kusulubisha watu wengine, na hii kwao ni kazi ya Ijumaa kama Ijumaa nyingine. Askari wa dhahabu hawezi kulisema hilo hata akipiga mjeledi kwa nguvu kiasi gani.

Kwa sasa kamati nyingi zinamwita fundi siku ya Jumatano Kuu, zikiwa na kopo la rangi mkononi. Rangi haijakauka, kijana anavaa, inabanduka kifuani. Naomba makatibu wa kamati wamtafute fundi mwanzoni mwa Kwaresima, wamkabidhi vipimo vya vijana watakaovaa, na kwenye bajeti zile fedha za kopo la dhahabu zinunue rangi nyeusi, kahawia na gundi. Kopo dogo la njano litatosha kwa bawaba na vifungo vya kikosi kizima.

Fundi rangi,
Tabata, Dar es Salaam