Risala ya Wauguzi wa Wodi ya Wagonjwa Mahututi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wauguzi Duniani, Mei 12, 2023

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mganga Mkuu wa Mkoa,
Mganga Mfawidhi na Muuguzi Mfawidhi wa hospitali yetu,
Viongozi wa dini, wazee wetu na ndugu waalikwa,
Wauguzi na wakunga wenzetu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Kazi iendelee!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tunakushukuru zaidi kwamba ulipofika asubuhi hukwenda moja kwa moja meza kuu, bali uliomba kwanza upitishwe wodini. Umewaona wagonjwa wetu kwa macho yako, kwa hiyo mengi tutakayosema hapa hayatakuwa mageni kwako.

Wiki moja iliyopita, tarehe 5 Mei, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si tena dharura ya afya ya umma ya kimataifa. Dharura hiyo ilitangazwa tarehe 30 Januari 2020, na hapa kwetu Tanzania mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi mwaka huohuo. Tumeipokea habari hiyo kwa furaha, tena furaha kubwa. Lakini tumeona tutumie risala ya mwaka huu kusema jambo moja linalotukaa moyoni: yale tuliyojifunza tukiwahudumia wagonjwa waliozidiwa na korona yamelipiwa kwa roho za watu, na hatutaki yafungiwe stoo pamoja na magauni ya kujikinga yaliyobaki.

Wengi walioambukizwa walipona nyumbani. Takwimu za mwanzo kutoka China zilionyesha kuwa takriban asilimia 14 waliugua vikali, wengi wao wakihitaji oksijeni, na asilimia 5 wakawa mahututi kabisa. Hao asilimia 5 ndio waliofika mikononi mwetu. Mapafu yao yalikuwa yamevimba na kujaa majimaji, vifuko vya hewa vimeziba, damu inapita humo bila kubeba oksijeni ya kutosha.

Kilichotuchanganya mwanzoni ni kwamba wengine hawakuonekana wagonjwa hivyo. Tunamkumbuka mzee aliyeingia akitembea kwa miguu yake, kanzu imenyooshwa vizuri, akatusalimia mmoja baada ya mwingine na kuuliza hali za nyumbani. Tulipomwekea kipimo cha kidoleni, kinachoonyesha asilimia ya oksijeni katika damu, kikasoma 71. Mwanawe akasema kipimo kibovu, tukajaribu kidole kingine, kikasoma 70. Mtu mzima mwenye afya husoma 95 na kuendelea. Wagonjwa wa namna hiyo walichelewa kuletwa kwa sababu nyumbani walionekana wanaongea na kula, ndugu wakaendelea kuwafukiza na kuwapa tangawizi, na siku walipozidiwa mapafu yalikuwa yameshachoka.

Kwa hiyo kidude kile kidogo cha kidoleni kimeokoa watu kuliko vifaa vingi vya bei kubwa, ila nacho kina mambo yake. Mikono ikiwa baridi husoma vibaya. Hina nyeusi na rangi ya kucha huziba mwanga wake, na katika mkoa wetu mama aliyetoka harusini ana hina mpaka kwenye vidole, basi tunapima sikio. Tena mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yanayotuhusu moja kwa moja: kwa wagonjwa weusi kipimo hicho kilificha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Ndiyo maana tunawafundisha wanafunzi wetu wasitazame namba peke yake. Watazame mbavu zinavyovutwa ndani na wahesabu pumzi kwa dakika nzima. Wamsikilize pia mgonjwa, kama anamaliza sentensi au anakatiza katikati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, dawa ya kwanza ya mgonjwa huyu ni oksijeni. Tunaomba utuvumilie tufanye hesabu kidogo. Mtungi mkubwa uliojaa hubeba takriban lita 6,800. Mgonjwa aliyezidiwa, anayepumulia barakoa yenye mfuko, hutumia mpaka lita 15 kwa dakika. Mtungi huo unamtosha saa saba na nusu. Kwa siku moja anamaliza mitungi mitatu na kuingia wa nne, na wakiwa kumi tunahitaji zaidi ya 30 kila siku ya Mungu. Katika wimbi la 2021 kulikuwa na usiku ambapo muuguzi wa zamu alisimama kati ya vitanda viwili akitazama mshale wa mtungi unavyoshuka, huku mwenzake yuko kwenye simu akiuliza gari la mitungi limefika wapi. Hatupendi kuzungumzia usiku huo, lakini leo tumeona lazima tuutaje.

Tunaishukuru Serikali ya Awamu ya Sita kwa fedha za Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, ambazo sehemu yake ilijenga wodi za wagonjwa mahututi na majengo ya dharura na kununua mitambo ya kuzalisha oksijeni. Hii ni hatua ambayo wauguzi wa zamani hawakuiota. Hata hivyo mtambo hutoa oksijeni ukiwa na umeme, vichujio vikibadilishwa kwa wakati, na fundi anayeujua akiwa karibu. Umeme ukikatika saa nane za usiku, tunarudi kwenye mitungi.

Kuhusu dawa, tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa wanaotumia oksijeni. Dawa hiyo ya bei nafuu tulikuwa nayo kabatini miaka yote. Lakini utafiti uleule ulionyesha kuwa haikumsaidia mgonjwa asiyehitaji oksijeni, na jambo hilo halikufika mtaani. Watu waliinunua dukani wakaimeza kwa mafua ya kawaida, na wenye kisukari wakaletwa kwetu sukari imepanda kupita kiasi. Hata mgonjwa anayeistahili lazima apimwe sukari mara kwa mara. Daktari huandika dawa mara moja, muuguzi ndiye anayechoma kidole alfajiri, mchana na usiku. Ndiye pia anayechoma sindano ya heparini ya kuzuia damu kuganda, maana ugonjwa huu uligandisha damu miguuni na mapafuni.

Sasa, Mheshimiwa, tunaomba tukae kidogo kwenye jambo la kumlaza mgonjwa kifudifudi, kwa sababu hapo ndipo kazi ya uuguzi inapoonekana. Mtu akilala chali, moyo na tumbo hugandamiza sehemu ya nyuma ya mapafu, na sehemu hiyo ni kubwa. Ukimgeuza, inafunguka na kupokea hewa. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2013, miaka mingi kabla ya korona, ulihusisha wagonjwa 466 walioharibika mapafu sana wakiwa kwenye mashine. Waliolazwa kifudifudi saa 16 au zaidi kwa siku walifariki asilimia 16 ndani ya siku 28. Walioachwa chali walifariki karibu asilimia 33. Tofauti hiyo haikuletwa na dawa mpya wala mashine mpya.

Ila inataka watu. Mgonjwa mwenye mpira wa mashine ya kupumulia kooni hugeuzwa na watu wasiopungua watano. Mmoja anakaa kichwani, ameshika mpira ule na haangalii kitu kingine, naye ndiye anayehesabu. Wawili upande huu, wawili upande ule. Kabla ya kugeuza tunafunga macho ya mgonjwa kwa plasta laini yasichubuke, tunasimamisha chakula cha mrijani, tunahakikisha mirija ya dripu ina urefu wa kutosha. Mito inawekwa chini ya kifua na nyonga ili tumbo lining'inie. Halafu kila baada ya saa mbili uso unageuzwa upande wa pili na mkono mmoja unapandishwa, la sivyo shavu linapata kidonda na bega linapooza. Saa 16 za namna hiyo ni zaidi ya zamu moja.

Utafiti uliofanyika katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya na Msumbiji zikiwemo, ulitoka Mei 2021. Karibu nusu ya wagonjwa wa korona waliolazwa wodi za mahututi walifariki ndani ya siku 30, idadi kubwa kuliko wastani wa mabara mengine. Humohumo ilionekana kuwa takriban mgonjwa mmoja tu kati ya sita ndiye aliyelazwa kifudifudi. Tanzania haikuwa katika utafiti huo, lakini tukisoma tunajiona. Kigeuzi cha mgonjwa ni mikono, na mikono haikutosha.

Wodi za wagonjwa mahututi zenyewe zilizaliwa kwa mikono ya watu. Mwaka 1952 mjini Copenhagen, Denmark, polio ilipopooza misuli ya kupumua ya mamia ya watu, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen aliwatoboa koo wagonjwa na kuwapulizia hewa kwa mfuko wa kubonyeza. Waliobonyeza mfuko huo, usiku na mchana kwa miezi, walikuwa wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500. Waliobaki hai waliongezeka mno. Mashine zilikuja baadaye kupokea kazi ya mikono ya watu, na mpaka leo mashine haimgeuzi mgonjwa, haimsafishi kinywa, haimnyonyi makohozi, wala haijui kwamba mama wa kitanda cha tatu leo uso wake umebadilika.

Kuna mambo ambayo takwimu hazikuyaandika. Ndugu walizuiwa kuingia, basi simu ya muuguzi ikawa ndiyo mlango. Tulimwekea mgonjwa simu sikioni, ndani ya mfuko wa nailoni, mwanawe akamsomea Yasini kutoka getini. Wengine walisaliwa rozari. Wapo waliofariki tukiwa tumewashika mkono sisi, watu wasiotujua sura kwa sababu ya barakoa na miwani. Tunawashukuru masheikh, mapadri na wachungaji waliopokea simu zetu saa yoyote.

Na wapo wenzetu waliotangulia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya wapatao 115,500 duniani walifariki kwa korona. Machi mwaka huu, ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipoingia Kagera, miongoni mwa waliofariki alikuwemo tena mhudumu wa afya. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke.

(Wote wanasimama kwa dakika moja.)

Ahsanteni. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala bila maombi haijakamilika, nasi tunayo.

Kubwa kuliko yote ni watumishi. Kanuni ya kazi yetu ni muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja au wawili walio mahututi, na kwetu usiku mmoja huangalia zaidi ya hao. Tunaomba vibali vya ajira vitakapotoka, mkoa wetu ukumbukwe, na wanaopangiwa wodi hii wasihamishwe wakishaizoea. Sambamba na hilo, tunaomba nafasi za masomo ya uuguzi wa wagonjwa mahututi. Wengi wetu tulijifunza kuendesha mashine hizi vitandani, tukifundishana.

Tunaomba pia mtambo wa oksijeni upatiwe jenereta yake na fungu la matengenezo ndani ya bajeti ya hospitali, pamoja na fundi wa vifaa tiba wa kudumu.

Mwisho tunaombea wodi za kawaida na vituo vya afya, kwa sababu mgonjwa mahututi haanzii kwetu. Mwaka 2021 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikubaliana juu ya huduma 40 za msingi ambazo kila mgonjwa mahututi anastahili popote alipo: kupimwa pumzi, mapigo na presha, kupewa oksijeni, kulazwa ubavu akipoteza fahamu. Wenzetu wa Muhimbili na Taasisi ya Afya Ifakara wamekuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Nyingi ya huduma hizo hazihitaji jengo jipya. Zinahitaji kipimo cha kidoleni kila wodi, mtungi wenye mita inayofanya kazi, na muuguzi aliyepewa ruhusa ya kuanzisha oksijeni papo hapo kabla daktari hajafika. Nakala ya orodha ya vifaa vinavyopungua katika vituo vya mkoa wetu tumeiambatisha na risala hii, na Muuguzi Mfawidhi atakukabidhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.