Asante, mzee wa kona ya Jabal Akhdar

Shukrani hizi ni za mzee wa kanzu ya kijivu aliyetusimamisha kwenye mteremko wa Jabal Akhdar, Oman, tukirudi kutoka Al Sogara, kile kijiji kilichojibanza kwenye jabali, ambako ukuta wa nyuma wa chumba huweza kuwa mwamba wenyewe. Jina hakutaka kulitaja.

Kutoka uwanda wa Sayq, kimo cha mita 2,000 hivi, kuteremkia Birkat al Mouz, dereva alikanyaga breki mfululizo. Pedeli ikaanza kuzama. Harufu ya kuungua ikajaa ndani, na chupa ya maji ilishafunguliwa ili tuyamwagie magurudumu.

"Msiyamwagie maji, wanangu, diski ya breki itapinda!" mzee akapaza sauti, kwa Kiswahili cha Unguja kabisa.

Akatia jiwe mbele ya kila gurudumu, akafungua boneti akatazama mafuta ya breki, kisha akatuketisha kivulini dakika 40 kwa kahawa na tende. Mafuta hayo yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Ndiyo maana mguu hukanyaga hewa. Halafu akamwelekeza dereva: toka D, gia ya kawaida, weka L, gia ya chini, injini ndiyo izuie gari, breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, iachiwe ipoe. Polisi wa kizuizini chini ya mlima hukagua kama gari ni 4x4, lakini kutumia gia ni juu yako.

Akatangulia na pikapu yake, taa za dharura zikiwaka, hadi tambarare.

Nawe ukiona magurudumu yanafuka moshi mteremkoni, mwashie taa dereva asimame.